Siku Tatu za Kumtembeza Baba Wuhan

Hankou, Wuhan
Jumapili, 18 Aprili 1999

Kwako Dada yangu mpendwa Qiaolian,

Pokea salamu zangu, za wifi yako Suqing na za mwanetu Tingting, ambaye sasa ni mrefu hadi begani kwangu. U hali gani, na magoti yako je? Naamini tangu mmalize kuchimba mizizi ya yungiyungi umepata kupumzika na yale maji ya baridi. Shemeji Baolin hajambo? Xiaowu bado anapigana shuleni, au ameshapata wa kumtuliza? Huku sote tu wazima wa mwili. Baba alifika salama siku ya Jumatano. Mguu ulimvimba kidogo ndani ya basi, lakini anakula vizuri, anakoroma vizuri, na kila jirani ameshaambiwa kwamba mayai ya bata aliyokuja nayo yametiwa chumvi na binti yake.

Nimeanza na mazuri kwa sababu yaliyobaki si mazuri, nawe hupendi mtu wa kuzungukazunguka. Dada, kazi sina. Kiwanda cha nguo kilitupatia barua za kwenda nyumbani mwaka jana, mwezi wa pili, idara yetu nzima, na sasa lango limefungwa mnyororo. Anayejua ni Suqing peke yake. Kwenu niliendelea kuandika habari za zamu na mashine kana kwamba bado ninazisikia. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Baba. Wewe wajua kuliko mtu yeyote nafasi ile ilipatikana vipi: alistaafu kabla ya wakati wake ili mtoto wake mmoja aingie badala yake na kuwa mtu wa mjini, na mtoto huyo nikawa mimi. Sasa nimwambieje kwamba alichoacha kwa ajili yangu kimeishia kwenye mnyororo na kufuli?

Tangu hapo nimekuwa mtembeza wageni. Usicheke. Nasimama nje ya stesheni na kipande cha boksi nilichoandika kwa brashi: Wuhan kwa siku moja, kwa wasio na hela nyingi. Wanakuja wakulima, askari walio likizo, maharusi wa vijijini. Najua bustani zisizo na kiingilio, najua saa ambayo mlinzi wa makumbusho anafumba macho, najua wapi tambi za ufuta zinajaza bakuli kweli. Si kazi ya kuniaibisha, ila si kazi aliyoniachia Baba.

Basi Baba akaja na ombi moja tu. Alitaka kuiona mashine namba kumi na nne, ile aliyoitengeneza na kuitukana kwa miaka ishirini na sita. Alisema anataka kuishika kabla hajafa. Nikamwambia kuna wakaguzi kutoka Beijing, hakuna mgeni anayeruhusiwa mpaka Jumamosi. Uongo huo ulinitoka upesi hata mimi mwenyewe nikaona haya. Kwa hiyo nilikuwa na siku mbili za kumchosha, na nikafikiri kwamba mguu ule uliovimba ungenisaidia. Dada, nilimwombea baba yangu mguu uvimbe zaidi. Huyo ndiye ndugu yako.

Alhamisi nikampeleka kwenye Daraja Kuu. Miaka yote ile alifanya kazi ng'ambo ya mto na hakuwahi kulivuka kwa miguu. Siku ya mapumziko alikuwa akilala, na likizo alikuwa akirudi kwetu. Alipofika katikati alishika ukuta wa pembeni akacheka kwa mtetemo wa treni inayopita chini ya miguu yake. Tukateremka, nikamwonyesha Mnara wa Korongo wa Njano kutoka kwenye ngazi iliyo nyuma ya duka la chai, ambapo unaona mapaa yote bila kukata tiketi. Pale nikajisahau. Nikaanza kueleza mnara umeungua mara ngapi na umejengwa upya mara ngapi, mkono nimeunyoosha kama ninavyofanya kila siku. Baba akageuka kunitazama. "We Kaiping, mbona unaongea kama spika ya stesheni?" Nikamjibu kwamba nilisoma kwenye gazeti.

Jioni tukapumzika bustanini, na hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho. Unajua masikio ya Baba yaliliwa na mashine, lakini labda hujui kwamba sisi tuliofanya kazi ukumbi wa kufuma tunasoma midomo. Kelele za mle hazikuachii njia nyingine. Mtu akisema ng'ambo ya ukumbi, unamsikia kwa macho. Baba akiwa na sitini na tisa bado ni hodari kunishinda. Wazee wa sataranji waliponiona, mmoja akapaza sauti: "Mtembezaji! Leo kundi zima ni mzee mmoja? Biashara imelala nini?" Nikaruka mbele ya uso wa Baba, nikajifanya namfunga vifungo vya koti. Akaniuliza wanasemaje. Nikasema wananialika kucheza. Akataka kujua ni lini fundi wa mashine anapata muda wa kufahamiana na wazee wa bustanini. Nikasema niko zamu ya usiku. Akatazama viganja vyangu visivyo na alama ya mafuta ya mashine, na mimi nikavitia mfukoni.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Tulikwenda hekaluni kuhesabu watawa. Ukumbi una sanamu zao mia tano. Unaanzia yoyote, unahesabu kwa umri wako, na utakayefikia ndiye anayekuonyesha bahati yako. Baba, kwa vile hajisikii mwenyewe, akahesabu kwa sauti ya kuita bata, mpaka mabibi wenye ubani wakaacha kuomba wakawa wanamsaidia. Mimi sikupata nafasi ya kucheka. Pale pana muuza ubani, mfagiaji, mpiga picha, wote wananijua, na nilizunguka ukumbi ule nikimfunika Baba kwa mwili wangu, mara kulia, mara kushoto, mpaka akanisukuma. "Toka bwana! Umekuwa nzi?" Tulipotoka akaniuliza polepole siku hizi tunatumia mafuta gani kwenye mashine. Nikasema yaleyale ya zamani. Akasema hata wakati wake yalikuwa yanakaribia kubadilishwa. Tukatembea mpaka kituo cha basi, na usingizi wangu ukaishia hapo.

Jumamosi ikafika na mvua haikunyesha. Baba alikuwa ameshanyoa ndevu, amevaa koti lake la buluu la kiwandani alilolileta limekunjwa chini ya begi. Suqing akanivuta jikoni akaniambia niseme mwenyewe kabla mnyororo haujasema. Nikamwambia nitasema kwenye kivuko. Kivuko cha kwenda Wuchang ndiyo matembezi ninayoyapenda kuliko yote: nauli yake haizidi bei ya maandazi mawili, na unapata mto mzima. Nilidhani katikati ya maji ningepata ujasiri.

Nikaenda dirishani kuchukua tiketi, nikampa mgongo kwa muda mfupi tu. Mama Peng, anayesimamia geti la abiria, alikuwa hatua kama kumi na tano, anazungumza na mwenzake. Nilipogeuka nikaona macho ya Baba yameganda kwenye mdomo wake. Baadaye Baba mwenyewe ndiye aliyenirudishia maneno yale: "Huyo ndiye aliyetolewa kiwandani. Kila siku na washamba wake. Leo kamleta mshamba wa nyumbani." Mama Peng si mtu mbaya. Hakujua kwamba kuna mtu anayemsikia.

Tukapanda, tukapita katikati ya mto. Nilitaka kuanza, na kila nikifungua mdomo meli inapiga honi. Mwishowe akauliza yeye, kwa sauti ya chini. Baba, anayeongea kwa kupiga kelele tangu tuzaliwe, aliniuliza kwa sauti ya chini tangu lini. Nikamwambia. Akauliza namba kumi na nne iko wapi. Nikamwambia ziliuzwa zote kama chuma chakavu. Nilingoja kofi, na kusema kweli nililitamani. Badala yake akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akaniambia nisilie, watu wanatazama.

Halafu akasema: "Bakuli lenyewe, hiyo kazi ya kiwandani, halikuwa lako, mwanangu. Mimi nilimwandika dada yako."

Dada, kaa chini kama umesimama.

Alisema jina la kwanza na la pekee alilopeleka ofisini mwaka ule lilikuwa lako, kwa sababu ulikuwa mkubwa, una mikono myepesi na kichwa cha hesabu. Ofisi ikatuma fomu kijijini ujaze wewe. Akangoja. Siku zikabaki chache, fomu haikurudi, badala yake ikaja barua kutoka nyumbani. Kwa kuwa hasomi, rafiki yake wa karakana alimsomea, na Baba akamtaka airudie mara tatu. Ilisema Qiaolian hataki. Amesema hawezi kwenda kuwa kiziwi mwenye pamba kooni kama Baba. Ndipo akaandikisha jina langu ili nafasi isipotee. Hakukuuliza kamwe, kwa sababu aliona aibu. Akaniambia tangu mwaka ule hujamwita Baba. Unampikia, unamfulia, mwaka alipougua ulimbeba mgongoni mpaka zahanati, lakini unamwita babu yake Xiaowu. "Nikajua ananionea kinyaa," akasema, "na mimi sina cha kumlaumu, maana kweli ni kiziwi na kweli nakohoa."

Maneno yale, kiziwi mwenye pamba kooni, aliyatamka bila kukosea hata moja, baada ya miaka kumi na saba.

Dada, hujawahi kuyasema. Niliyaandika mimi.

Fomu ilifika ofisi ya kijiji siku ya soko. Barua zote za nyumbani nilikuwa nachukua mimi nikitoka shule, unakumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeshafeli mtihani, naliona lile ziwa letu la yungiyungi na matope yake kama kaburi langu. Niliposoma jina lako juu ya karatasi nilichukia hata namna lilivyoandikwa. Nikaificha kwenye mbao za banda la bata. Kila jioni ukinipakulia wali nilijiambia kesho nitakupa. Kisha nikaandika ile barua kwa Baba, na fomu nikaichoma. Habari ilipofika kwamba ni mimi ninayekwenda, wewe ulisema neno moja tu: "Sawa, yeye ndiye mwanaume." Ukanishonea soli za viatu vya safari. Nilivaa viatu vile mpaka vikatoboka na sikusema.

Kwa hiyo miaka yote hii umemchukia mtu asiyekukosea, naye ameumia kwa tusi ambalo hukulitoa. Aliyekaa katikati yenu akila ni mimi.

Na kwenye kivuko bado sikusema. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko ujinga wa utotoni. Baba alinifungulia hata mlango wa kutorokea: alisema labda Qiaolian aliona mbali, maana kama angekubali, leo angekuwa yeye aliyetupwa nje ya lango. Nikashawishika kuyashika maneno hayo. Nikawaza kumbe nilikuokoa. Lakini nakujua mikono yako, nimeiona majira ya baridi ikitoka majini, na najua ungekuwa na miaka kumi na sita ya mshahara, shule ya usiku, nyumba yenye bomba, na baba wa kumwita Baba. Meli ikagonga gati. Tukaenda mpaka kiwandani, akaushika mnyororo kwa mikono miwili, akasema una kutu, wangepaka mafuta. Kisha akasema ana njaa.

Sasa amelala chumba cha pili, ni saa nane mchana. Kesho asubuhi anapanda basi. Nilikusudia kuipeleka barua hii posta, lakini nimebadili nia, atakuja nayo mwenyewe. Nimeshindwa kumwambia uso kwa uso, nawe utaniita mwoga, na ni kweli. Hajui kilichomo. Atakukabidhi, ataketi, atakuuliza Kaiping anasemaje, kama anavyouliza kila barua yangu ikifika.

Nilitaka kukuomba umsomee yote. Kisha nikaona hata hilo sina haki nalo. Ukitaka umsomee, msomee bila kuruka. Ukiona heri asijue mwanawe ni mtu wa namna gani, mwambie nimetuma salamu, kisha barua uitie motoni. Ukitaka nije nipige magoti mbele yenu wote wawili, niandikie neno moja nitakuja. Niliwahi kuamua kwa niaba yako, Dada. Safari hii karatasi imekufika mkononi, amua wewe.

Msalimie Shemeji, mwambie samahani nyingi bila kumweleza bado kwa nini. Mkanye Xiaowu asipigane. Suqing amefunga soksi mbili ndefu za sufu kwa ajili ya magoti yako na Tingting ametia peremende za ufuta. Mpumzishe Baba, maana begi ni zito na najua hakukubali dereva amsaidie.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Xiong Kaiping