Gari Ulilonifundisha Kulisikiliza

Mpendwa Mama Awuor,

Jumamosi iliyopita nilifika kwenu Awasi. Nimechelewa miaka miwili, najua. Nimeketi hapa nyumbani Munyaka, Eldoret, kwenye meza uliyokuwa ukikatia sukuma wiki, na nimeshachana karatasi mbili kwa sababu kila nikianza naanza kwa kujitetea. Awuor alinipigia simu jana akaniambia, "Baba, mwandikie tu. Mwambie yote, hata ile ya aibu." Basi nitakwambia yote, ingawa nina hakika ile ya aibu ulikuwa unaijua.

Nakumbuka siku baba yako alipokupa lile gari. Alikuwa amestaafu kutoka karakana ya shamba la miwa, mgongo umeinama, na kaka zako wote watatu walikuwa wamevaa mashati mazuri siku hiyo, kila mmoja akijua funguo ni zake. Mzee akampita wa kwanza, akampita wa pili na wa tatu, akakuwekea funguo mkononi. Akasema, "Huyu ndiye analisikia." Kaka zako walikula chakula chao macho kwenye sahani, na mimi, mkwe mgeni, sikujua niangalie wapi.

Tulipanda na ile stesheni wagoni nyeupe kurudi Eldoret, wewe kwenye usukani, mimi kando yako nimeshika kuku aliyetupa mama yako. Tulipofika Nandi Hills gari likaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Nilidhani tumekwisha. Wewe ukaegesha kando ya mashamba ya chai, ukatoa bisibisi kwenye mkoba, mkoba uleule uliokuwa na Biblia na leso, ukafungua boneti, ukazungusha skrubu ndogo kwenye kabureta. Ulizungusha kidogo sana, kama mtu anayepunguza utambi wa taa. Injini ikatulia. Nilipokuuliza umefanya nini, ulinijibu ukijipangusa vidole, "Huku juu hewa ni nyepesi. Ukiipa petroli ileile ya kule chini, inalewa."

Nilikupenda tangu zamani, lakini siku hiyo nilianza kukuogopa kidogo. Ilikuwa hofu tamu.

Miaka yote iliyofuata sikuligusa. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, ninazijua ngeli zote lakini nati sizijui. Asubuhi za Jumamosi, kabla hujaenda dukani kuuza spea, ulikuwa ukiliamsha, unaliacha lipate moto, kisha unasimama mbele yake umeinamisha kichwa, kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Mimi nilikushikia tambara. Nilikuwa hodari wa kushika tambara. Majirani walizoea kunitania kwamba kwetu bibi ndiye fundi na bwana ndiye mpiga deki, na wewe ukawaambia kwamba deki pia ni kazi.

Halafu moyo wako ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, kisha vidole, hadi pete ya ndoa ikabidi ikatwe. Siku uliyoshindwa kushika bisibisi hukulia. Uliitazama tu ikiwa imeanguka chini karibu na gurudumu, ukaniambia nikuletee kiti cha jikoni. Ulikaa pale uani, umejifunika shuka ya Kimasai, ukaniambia niokote.

"Sasa ni wewe," ulisema.

Nilikataa. Nilikuambia tutatafuta fundi. Ukanikumbusha kwamba mafundi wa siku hizi wanataka kuchomeka kompyuta, na hili halina mahali pa kuchomeka. Basi nikaokota.

Nataka ujue kwamba miezi ile minne ya kufundishwa nawe, ukiwa kwenye kiti na mimi nimeinama, ndiyo ninayoitamani kuliko hata miaka ya ujana wetu. Sijui kama ni dhambi kusema hivyo, maana ulikuwa unaumwa. Lakini hatukuwahi kuongea vile. Ulinionyesha skrubu mbili: moja ya kupandisha na kushusha kasi ya injini gari likiwa limesimama, nyingine ya kuchanganya petroli na hewa. Ulinifundisha kuifunga ile ya pili taratibu hadi ikae tu, kisha kuirudisha mzunguko mmoja na nusu, kisha kuanza kutafuta. Funga kidogo, injini inayumba. Fungua, inapanda, inakuwa laini. Ukizidisha, inaanza kunguruma kwa uzito, kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Katikati ya hapo pana mahali pamoja, na mimi nilikuwa napapita kila mara.

"Umepita," ulikuwa ukisema kutoka kwenye kiti, macho yamefumbwa. "Rudi. Umepita tena."

Nilikuwa nakuuliza unajuaje na hata hutazami. Ukasema kutazama ndiko kunakonipoteza. Mara moja nilikaza ile skrubu kwa nguvu ya mkono mzima na ukafungua macho ghafla. "Baba Awuor, hiyo si nati ya gurudumu. Ile ncha yake ni kama sindano. Ukiipinda, umeua gari." Ulisema kwa upole, lakini nilijiona kama wale wanafunzi wangu wa nyuma ya darasa.

Siku niliyopapata mahali penyewe kwa mara ya kwanza, ulinyamaza. Nikasubiri uniambie nimepita. Nilipogeuka nikakuta unatabasamu, na ukasema neno moja tu, "Hapo." Mama Awuor, nimetunukiwa vyeti katika maisha yangu. Hakuna hata kimoja nilichokitundika moyoni kama neno hilo.

Sasa ile ya aibu.

Ijumaa moja asubuhi uliniomba nikupeleke Awasi kesho yake ukamwone mama. Nilikubali. Mchana ulipolala, nikaona nikufanyie jambo la kukufurahisha, niliandae gari peke yangu ili ukiamka ulikute liko tayari, limepimwa vizuri. Sikulisikiliza. Nilikuwa na haraka na nilitaka sifa. Nikafunga ile skrubu hadi nikahisi kitu kimelegea ndani, na nilipoitoa, ncha yake ilikuwa imepinda. Injini haikukubali tena kutulia. Ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Ulipoamka nikakudanganya. Nilikwambia pampu ya petroli imekufa na lazima tuagize Nairobi. Nikajitolea kukodi gari la jirani, ukakataa. Ulisema ukifika kwa gari la kukodi, mama atajua umezidiwa, lakini akisikia gari la baba atajua mambo yako sawa. Halafu ukasema, "Haidhuru. Tutaenda siku ingine." Ukageukia ukuta.

Siku ingine haikufika. Wiki tatu baadaye tulikuzika. Mama yako aliletwa na kaka zako, akakaa na miwani yake mizito, na sikuweza kumkaribia. Nilikuwa nimemnyima kukuona mara ya mwisho kwa sababu ya skrubu isiyozidi urefu wa kidole, na kwa sababu ya woga wangu wa kusema nimekosea.

Gari nililifunika turubai. Miaka miwili sikulifunua. Nilikwenda kanisani, nikarudi. Nilisahihisha mitihani ya watoto wa majirani. Kila Jumamosi asubuhi niliamka mapema na kukuta hakuna kitu cha kushikia tambara.

Majuzi, baada ya mvua za Aprili, daktari mmoja wa Elgon View anayependa magari ya zamani alikuja kulitazama. Awuor ndiye aliyemtuma. Alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba gari likiozea pale ni kama kukuzika mara mbili. Daktari alizunguka, akalisifu, kisha akaniuliza kama linawaka. Nikasema linawaka. Uongo tena, Mama Awuor, mdomo wangu umeuzoea. Akaomba alisikie. Nikasimama pale na funguo mkononi nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia halijawaka miaka miwili, niliharibu skrubu, nikamdanganya mke wangu. Maskini, alikuja kununua gari tu. Akaniambia, "Mzee, basi litengeneze kwanza. Hilo la kuuza tutaongea baadaye." Akaenda zake.

Jumatatu nikaenda pale dukani kwenu. Sikuwa nimekanyaga huko tangu mazishi. Mama Chebet, mwenzako wa kuuza spea, bado yuko kaunta, anakukumbuka sana. Nikamwambia natafuta skrubu ya mchanganyiko ya kabureta ya gari letu. Hakuuliza ni ya gari gani wala ya mwaka gani. Alivuta droo ya chini kabisa, akatoa bahasha ndogo ya khaki, akaiweka mbele yangu. Juu yake pameandikwa "Baba Awuor", kwa mwandiko wa Mama Chebet mwenyewe.

Nikamuuliza hii imetoka wapi.

"Alinipigia simu wiki yake ya mwisho," alisema. "Akaniambia nitafute hii nikuwekee. Akasema, akija mwenyewe kuulizia, mpe. Asipokuja, usimwite."

Ndani yake mlikuwa na skrubu mpya, ncha kali kama sindano.

Nilikaa kwenye ile benchi ya wateja hadi Mama Chebet akaniletea chai. Kumbe ulijua. Ulijua ulipogeukia ukuta. Ungeweza kuniaibisha na hukutaka, ungeweza kunisamehe kwa mdomo na hukutaka pia. Uliniachia nije mwenyewe. Na mimi nikachukua miaka miwili kutembea kutoka Munyaka hadi mjini.

Nilianza kazi Jumanne. Nilisafisha kabureta kwa petroli, nikabadilisha plagi, nikaiweka ile skrubu kwa vidole bila bisibisi, hadi ikae tu. Mzunguko mmoja na nusu. Lilipowaka lilitoa moshi mweusi ukaenda moja kwa moja kwenye nguo alizoanika jirani yetu Mama Brayo, na nikafua upya mashuka yake mawili kwa mikono yangu. Alhamisi nikadhani nimepata, nikalipeleka Ainabkoi kulijaribu. Likafa mlimani kati ya mashamba ya viazi. Nikasimama pale kwenye baridi nikikasirika, hadi nikakumbuka kwamba nimepanda juu zaidi, na gari limelewa. Nikalipunguzia. Likaondoka. Hakuna aliyenionyesha, na nilitamani sana uone.

Ijumaa asubuhi nililiwasha hapa uani, nikafumba macho kama ulivyokuwa unafanya. Nikatafuta. Nilipofika mahali penyewe nilijua. Nikatoa mkono nikasubiri, na hakuna mtu aliyesema kitu. Nadhani hapo ndipo nilipokulilia vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumamosi nikateremka. Kitu kimoja nikuambie: kiti cha dereva sikukirudisha nyuma. Ulipokuwa unaumwa nilikuwa nakisukuma nyuma kukupeleka hospitali, na kila tukirudi unanitaka nikivute mbele tena, maana kesho utaendesha mwenyewe. Mara ya mwisho nilikivuta mbele kwa ajili yako na kimebaki vile. Basi nimeendesha hadi Awasi magoti yakigonga usukani. Mgongo unaniuma hadi leo.

Baada ya mteremko, Chemelil kwenye miwa, joto likaingia na injini ikaanza kuyumba. Nikaegesha, nikafungua ile skrubu robo mzunguko, kisha kidogo tena, kwa sababu kule chini hewa ni nzito. Ikatulia, na tukaendelea.

Nilipokata kona ya kuingia boma lenu, mama yako alikuwa amekaa barazani akipepeta mtama. Macho yake sasa yameisha kabisa, nilikuwa sijui. Aliinua kichwa gari likiwa bado langoni. Ungo ukaanguka. Akasimama, akaanza kuja upande wetu mikono mbele, akisema, "Akinyi. Akinyi amefika."

Nilishuka mbio nikiacha injini inawaka. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Ni mume wa Akinyi. Nimekuja peke yangu."

Akasimama. Unajua mila zetu, mkwe hamkumbatii mama mkwe, hata msiba uwe mzito vipi. Kwa hiyo tulisimama hivyo, hatua tatu kati yetu, na sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Nikamweleza pale pale. Nikamwambia kwamba ulitaka kuja, kwamba ni mimi niliyeharibu, kwamba nilidanganya. Alinisikiliza hadi mwisho, uso umeelekea gari. Sikupata neno la msamaha wala la lawama. Akanipita, akapapasa hadi akalifikia, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

Niliona joto litamchoma. Nikanyoosha mkono dirishani kuzima.

"Usizime," akasema.

Nikautoa mkono. Akalaza shavu lake kwenye boneti, mtama bado umemshika kwenye nywele, na tukabaki hapo, mimi na mama yako, tukilisikiliza.

Lala salama, mwalimu wangu.

Mume wako,
Baba Awuor