Meseji za Mjamzito kwenye Koti la Mzee Gwandu

Mogitu, Jumanne. Baridi ya Julai, mlima umejifunika mawingu mpaka shingoni. Ila leo nina la kuwasimulia.

Mimi nimeishia darasa la saba, mnivumilie. Lakini mwanangu Anjela ndiye mhudumu wa afya wa kijiji hiki. Narudia kwa wasiosikia: Anjela, wa tumbo langu hili! Anaandikisha wajawazito kwenye simu, halafu meseji za ushauri zinawafuata nyumbani zenyewe. Waliosema nasomesha binti wa kuolewa tu, wapite hapa wanywe chai.

Asubuhi nakamua ng'ombe, akaingia jirani yetu Mzee Gwandu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mama Anjela, mwanao ananitafutia nini? Simu yangu inaniita mama! Juzi imeniuliza kama mtoto anacheza tumboni."

Nilicheka nusura nimwage maziwa.

Kumbe siku Anjela anamwandikisha Marta, mke wa kijana wa mzee, mume alikuwa malishoni kule Getanuwas na ng'ombe, na simu kaondoka nayo. Pale nyumbani mwenye simu ni mzee peke yake. Basi Anjela akaandika namba hiyo. Kusoma amesoma, ila akasahau kwamba kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawaongei habari za tumbo. Hata kidogo. Meseji zote zikawa zinaishia kwenye koti la mzee.

"Cheka tu," akasema. "Ila ya leo sijaipenda." Akanipa nisome: kichwa kuuma sana, uso kuvimba, macho kuona ukungu, usisubiri, wahi hospitali.

Akaangalia chini. "Jana kavaa kandambili za mume wake, zake hazimwingii. Leo kamimina maziwa nje ya kikombe. Mimi siwezi kumwuliza. Nenda wewe."

Sikucheka tena.

Nilimkuta Marta amejifunga kichwa kwa kanga, uso umejaa. Mama mkwe wake ananiambia ni jua. Jua gani, Julai hii? Anjela akaja mbio na kipimo cha presha. Akapima, akarudia, akapiga simu. Gari likaja, wakaenda hospitali Katesh.

Saa kumi jioni Anjela kanipigia. Kaisogeza tu simu nikasikia kitoto kinalia. Wa kike! Na Marta yuko hai, presha inashuka, madaktari bado wanamwangalia.

"Mama, nilikosea namba," akasema, naye analia.

Nikamwambia nyamaza mwanangu, Mungu hakukosea.

Tangu hapo naitazama simu yangu ndogo kama naiona mara ya kwanza. Maneno yamepita hewani, juu ya mashamba ya watu, yakamfikia mtu asiyeruhusiwa hata kuuliza, yakamnyanyua kuja kwangu. Nani angeamini?

Halafu nimemkumbuka dada yangu Elizabeti. Naye alivimba hivi hivi, akalalamika macho. Sisi tukafurahi, tukasema ni mapacha.

Tulimzika na mtoto wake.

Mpaka leo mama yetu anaamini ni jicho la mtu. Kuna mwanamke pale kwao anayemdhania, hajamsalimia miaka yote hiyo. Nitapata wapi ubavu wa kumwambia mama kwamba hakuna aliyemroga, zilikuwa dalili, na sote tulizitazama?

Kesho nampigia mama. Yule mwanamke naye anazeeka bila salamu.