Mifuko Isiyopitisha Hewa

Saboti,
Jumapili, baada ya kanisa

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu, nikitumaini zitakukuta umeketi nje na si kitandani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka imesaidia, au umeigawa nayo pia? Huku sisi ni wazima. Mvua imezidi upande wa mlimani na ng'ombe wamepunguza maziwa kwa sababu ya baridi. Mama Njeri, mwenye shamba hili, ana mafua, lakini bado anaamka kabla yetu sote kuangalia kama ndoo zimeoshwa.

Ningekupigia simu, ila kwa simu utanikatiza kabla sijafika mwisho, na jambo hili nataka ulisikie lote. Kaka Wafula ameniambia kwamba tangu mahindi yaharibike, wageni wanaondoka kwako mikono mitupu, na kwamba mama mchungaji alipobisha hodi ulinyamaza ndani kana kwamba hakuna mtu. Anasema ni maneno ya Shangazi wa Myanga: ati mkono wako unavuja, kila mgeni unamfungulia mfuko umpimie mkebe mzima wa mahindi, gorogoro moja ya kwenda nayo, ndiyo maana wadudu wakashinda. Wewe mwenyewe uliniambia, "Ni mimi niliyeharibu, mwanangu."

Mama, si wewe. Nitakueleza nilivyojua. Niliyaandika kwenye shajara siku yalipotokea, kwa hivyo sikisii.

Wafula aliponitumia picha ya mahindi yaliyobaki maganda na vumbi, nilienda Kitale kwenye duka la pembejeo nilikokununulia ile mifuko mitatu. Unakumbuka niliichagua kwa sababu imeandikwa kwamba haipitishi hewa, na wadudu hufa humo bila dawa. Muuzaji hakuitazama hata picha.

"Dada, si mlifungua?"

"Kwani mfuko wa chakula haufunguliwi?"

"Basi hapo mmejiharibia. Pigia kampuni."

Nilipiga. Sauti ya mashine ikaniambia simu yangu ni ya maana sana kwao, kisha muziki ukapigwa mpaka salio likaisha. Mara ya pili nilimpata msichana mwenye sauti nzuri, akaandika jina langu na akaahidi kunipigia. Badala ya simu ukaja ujumbe: "Asante mteja wetu. Shida yako imetatuliwa." Nilimwonyesha Mama Njeri. Akasema, "Basi mwambie mama yako apike huo ujumbe."

Ni yeye aliyenipa ruhusa nirudi Kitale siku ya soko, kwa sababu siku hiyo afisa wa kampuni huja dukani. Nilimkuta. Ni kijana mpole mwenye fulana ya kampuni. Aliniuliza kama mifuko ilifunguliwa. Sikutaka kudanganya. Nilimwambia wa kwanza ulifunguliwa kila mgeni alipokuja, wa pili mara moja tu, na wa tatu, ule ulioegemea ukuta, haukuguswa kabisa. Mahindi ya yote mitatu yameliwa sawasawa.

"Unajuaje haukuguswa, na wewe uko huku?" akauliza.

Hapo nilikasirika, kwa sababu alikuwa amekuita mwongo bila kukuona. Nilimwomba muuzaji mfuko mpya niujaze hewa.

"Hapa si mahali pa kupuliza puto," akasema. "Ukijaza, umenunua."

Mzee mmoja aliyevaa gambuti zenye matope, aliyekuwa ameshuka kutoka mlimani kufanya manunuzi, akasema nyuma yangu, "Si umpe ajaze, bana! Hata mimi nilikuja kuchukua kumi. Acha nione kwanza."

Watu wakacheka, muuzaji akautoa. Niliupunga mfuko wa plastiki wa ndani ukajaa hewa, nikasokota mdomo vile tunavyousokota tukifunga, kisha nikaukalia. Ulishuka polepole chini yangu, watu wote wakitazama. Mzee aliinama akaweka shavu kwenye mshono.

"Huyu ananipulizia usoni kama mtu aliyekula kitunguu!"

Tulijaribu wa pili, nao ukashuka. Mzee akarudisha pesa zake mfukoni na kumgeukia afisa. "Na huu nao umefunguliwa na mama yake?"

Afisa alitoka nje kupiga simu. Aliporudi alisema mifuko ya mzigo huo, yako ikiwemo, iliungwa vibaya kiwandani, na kwamba hata kama hungefungua mfuko hata mmoja, mahindi yasingepona. Nilimwomba arudie maneno hayo kwa sauti. Akarudia.

Lakini mahindi hawalipi. Wanabadilisha mifuko tu. Nilibishana nao mpaka nikachoka, kisha nikachukua mitatu ya mzigo mwingine, baada ya kuikalia yote. Malalamiko kuhusu mahindi nimeyaandika nikayatuma, ila usiyatumainie.

Mahindi machache yaliyosalimika Wafula ayaanike vizuri na kuyapepeta kabla ya kuyatia kwenye mifuko hii. Yaliyotoboka sana wape kuku. Dereva wa lori la maziwa atapita Bumula Jumatano na madebe mawili ya mahindi ya huku, pamoja na mifuko. Wafula asichelewe barabarani. Debe moja ni la ugali wenu. La pili ni la wageni, na lisiguswe hata kama la kwanza limeisha.

Nisalimie Wafula na mkewe, na watoto wao wote. Msalimie jirani anayekuchotea maji. Mama mchungaji mwambie ukweli, kwamba siku ile ulikuwa ndani, atacheka. Na Shangazi wa Myanga akija, msomee barua hii taratibu, bila kuruka mahali. Akisimama kuondoka, mpimie gorogoro moja, ijae mpaka imwagike.

Mungu akutunze wewe na goti lako.

Binti yako,
Nekesa