Diski ya Harusi Imegoma Kunakiliwa

Mama Watoto,

Nimekimbilia kwa fundi video. Usizime kompyuta, na usijaribu kuitoa diski ya harusi yetu, maana kisahani cha kompyuta kinachoibeba kimekwama. ~~Watoto wamekichezea.~~ Nimekikwamisha mimi, kwa kisu cha siagi.

Jana nilijitapa mbele yenu kwamba kumhamishia binti yetu diski ile kwenye flashi ni kama kunywa maji, ili aondoke na sauti ya marehemu mama yako huko anakohamia. Basi maji yamenipalia. Kila nikinakili, kompyuta inasema diski imelindwa. Nikiigeuza kuwa faili la kawaida, napata picha za kijani na sauti ya mtu anayezama. Nimempigia fundi, akacheka weee. "Mzee, niliifunga mwenyewe, watu wasinirudufie kazi. Njoo tuitafute ya asili, kama sijaifuta."

Hilo "kama" limenitia baridi. Kwa kuwa diski bado inacheza, nimerekodi kioo cha kompyuta kwa simu, na simu nimekuachia chajini. Mwoneshe binti akiamka. Mama yako anatuombea dua sisi maharusi, na juu ya kitambaa chake cha kichwa, kwenye mng'ao wa kioo, naonekana mimi na singlendi, nafuta machozi.

Siku ile alikataa katakata kupiga picha na mimi. Leo tumetoka pamoja pichani, tena vizuri. Hata fundi akiipata ile ya asili, hii msiifute.

Baba Watoto