Kiti cha Sjoukje Mezani

Hoarnsum, Friesland
6 Mei 2019

Mpendwa dada Baukje,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti lako linaendeleaje baada ya baridi ya huko Kanada? Sisi tu wazima, ila mimi sasa natembea na fimbo, na upepo wa huku haumheshimu mwalimu mstaafu.

Umeniuliza kama ni kweli mdogo wetu Sjoukje ameacha imani. Hapana, dada. Acha nikueleze taratibu, maana aliyekupa habari hizo alikupa nusu.

Unakumbuka kwamba kanisani kwetu Chakula cha Bwana tunakila tukiwa tumeketi: meza ndefu, kitambaa cheupe, na kila mtu humpa jirani yake sahani ya mkate kwa mkono wake. Jelmer, mwana wa Sjoukje, alipofunga ndoa na mwanamume mwenzake, Matthijs, baraza la wazee wa kanisa liliwakataza wote wawili kuikaribia meza hiyo. Sjoukje hakugombana na mtu. Jumapili ya meza ilipofika, wenzake waliinuka, yeye akabaki kwenye benchi.

Mchungaji alimfuata nyumbani. "Mama, wewe hukukatazwa."

Naye, huku akimmiminia kahawa: "Najua, Mchungaji. Lakini kwangu mimi, mtoto akinyimwa chakula, mama hali. Chukua biskuti."

Miaka mitatu alibaki benchini. Hakukosa ibada hata moja. Aliimba, aliomba, na kabla ya mahubiri aligawa pipi za mnanaa kama mama alivyotufanyia. Meza tu ndiyo aliyoiacha, nayo ndiyo aliyoipenda kuliko vyote. Nilimwona akifumba macho mkate ulipokuwa unamegwa.

Polepole akina mama wengine wakaanza kubaki naye. Mmoja alikuwa na binti kama Jelmer, mwingine mjukuu, ambao hawakuwahi kuwataja mbele za watu. Hapo wazee wakafungua tena Maandiko, wakabishana majira yote ya baridi. Mimi niliyefundisha maisha yangu yote sijaona darasa zito kama lile, na aliyelifundisha hakufungua mdomo. Mwishowe wakakubali vijana hao wawili waje mezani. Si wote waliokubali: mzee Gosse alipinga mpaka kura ya mwisho.

Basi Ijumaa Kuu tukaitwa mezani. Sjoukje akaketi, Matthijs upande wake mmoja. Upande wa pili kulikuwa na kiti kimoja kitupu, na baada yake Gosse. Jelmer akasimama, asijue la kufanya.

Unajua Gosse hasikii vizuri, hivyo kunong'ona kwake husikika hadi mlangoni. "Keti, kijana! Unatuchelewesha."

"Lakini mzee, wewe si ulinikataa?"

"Nilikukataa kikaoni, na kesho nitakukataa tena. Hapa si kikaoni. Keti."

Sahani ilipomfikia, Gosse akampa Jelmer kwa mikono miwili. Jelmer akamgeukia mama yake. Sjoukje akapokea mkate kutoka kwa mwanawe, akala.

Dada, mwandikie Sjoukje. Anadhani umemkasirikia, nami sijui nimjibu nini.

Msalimie sana shemeji Douwe, na Femke na watoto wake. Mungu awatunze huko mliko, na atupe sisi wazee siku ya kuonana tena.

Kaka yako akupendaye siku zote,
Hylke