Kaka kaniita mgeni

Upo? Nimetoka sasa hivi kwa kaka, kwenye ile nyumba anayoishi na wenzake wenye ulemavu wa akili.

Nimekwenda na shairi jipya. Unajua tangu utotoni mashairi yangu ndiyo yanamtuliza. Sijamaliza ubeti wa kwanza, akainua mkono: "Subiri. Napika chai."

Kaka anapika chai. Kaka huyu huyu ambaye mama hakuwahi kumruhusu asogelee jiko.

Dada msaidizi wa nyumba ile kasimama pembeni, mikono mfukoni. Nikamwambia, "Dada, ataungua huyo."

"Mwambie mwenyewe, si uko jikoni kwake?"

Jikoni kwake.

Halafu kaka akamgeukia yeye, si mimi, akauliza, "Sukari inatosha?" Yeye, aliyemjua juzi tu. Mimi niliyemfungia kamba za viatu miaka yote nimekaa hapo kama kabati.

Akaniletea kikombe. "Kunywa, mgeni."

Mgeni, unasikia? Mimi.

Nimeinywa yote, ikiwa bado inachoma. Kisha nikaomba kikombe cha pili, ili ashughulike na mimi, asirudi kwa yule dada.