Kufuli la Ghala la Korosho

Salumu mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Misugusugu tuko salama, ila miguu yangu imechoka. Umeniuliza, wewe askari mpya, utamtambuaje mwizi.

Nilipokuwa bibi harusi Kisarawe, enzi za ujamaa, korosho za kijiji ziliibwa ghalani. Wanakijiji wakamkamata Mateso, mgeni kutoka bara.

"Nani alimwona?" aliuliza babu yako, aliyekuwa polisi.

"Afande, nani mwingine kama si huyu?"

"Haya, tuseme si yeye. Huyo mwingine aliingiaje?"

Akaenda kutazama kufuli. Lilikuwa zima, na ufunguo alikaa nao katibu wa kijiji. Korosho zikakutwa kwa katibu, uvunguni.

Mateso alipoachiwa, nilimpa kikombe cha chai nyumbani kwetu. Babu yako alisinzia pembeni, viatu miguuni. Nilimtazama, nikahisi nimeolewa upya.

Bibi yako